Chanjo Imelala Wapi?

Siku mliponiaga pale ofisini mliniomba niandike kidogo mambo ya kazi, yawasaidie ninyi mnaobaki na mbwa wa mji huu. Nimekubali, ila vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara wa afisa mifugo hauna siri. Nitaandika mbwa. Nitaandika na wivu, maana nikiuacha nitakuwa nimewadanganya. Miaka yangu ya mwisho kazini niliishi na wivu kama mtu anavyoishi na jino bovu: unakula, unacheka, unasalimiana na watu, lakini ulimi unarudi palepale.

Nilipofika Babati nikiwa kijana nilikabidhiwa kwa Mzee Tluway, afisa mifugo aliyekuwa anajulikana kuanzia sokoni mpaka mashamba ya mwisho ya Nangara. Nilitegemea ng'ombe. Chuoni tulifundishwa ng'ombe mpaka tukawaota, na mbwa wakapewa somo moja kabla ya chakula cha mchana. Siku yangu ya kwanza Mzee Tluway akanipa gambuti na kitanzi, yaani bomba la chuma lililopitishwa waya wa kumnasa mbwa shingoni, akanipeleka Bagara kuchanja. Mbwa wa kwanza alinasa gambuti langu kwa meno akakaa nalo kimya, kama mtu aliyepata kiti kwenye basi.

Mzee hakuja kunisaidia. Alinitazama kwanza, kisha akasema, "Mbwa wa huku hafungwi kamba. Anafungwa mara moja kwa mwaka, siku ya chanjo. Wewe leo ungefungwa kamba kwa mara ya kwanza ukapelekwa kwa mtu mwenye sindano, ungefanyaje?"

"Ningeuma, Mzee."

"Basi usimnunie."

Dawa yake ya tatizo hilo ilikuwa kitanzi, nami nikawa hodari wa kitanzi. Nilikuwa namnasa mbwa akiwa mbioni. Watu walipiga makofi, na nakiri kwamba makofi yale nilikuwa nayapenda.

Jambo la pili alilonifundisha Mzee Tluway lilikuwa swali. Kila asubuhi ya chanjo nilipomwamkia shikamoo, kabla hajaitikia marahaba aliniuliza, "Chanjo imelala wapi?" Nilitakiwa nijibu: kwenye friji, kwenye ubaridi wa kawaida, haikupata joto na haikuganda. Alisema chanjo ikipata joto imekufa, na ikiganda imekufa vilevile. Ubaya wake ni kwamba mfu huyu hanuki, kwa hiyo mchanjaji lazima awe mkweli. Alipostaafu aliniachia kitanzi na swali hilo. Kitanzi nilikitunza vizuri zaidi.

Kabla sijafika kwa mtu aliyenitia wivu, niwape yale ya kila siku, maana kichaa cha mbwa huja mara chache lakini minyoo iko kila wiki. Mtoto wa mbwa apewe dawa ya minyoo mapema, na aendelee kupewa akikua, hasa nyumba yenye watoto wanaocheza naye chini. Mwangalieni kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, siyo mgongoni peke yake. Mfupa wa kuku uliopikwa unapasuka kama kijiti na unachoma utumbo. Mwenye mbwa atawaambia mbwa wake amezoea, mwambieni hata yule aliyekufa alikuwa amezoea. Sumu ya panya isiwekwe mahali ambapo mbwa anafika, na panya aliyekufa afukiwe. Mbwa wa mnyororo apate maji na kivuli kinachofikiwa na huo mnyororo. Nimeona maji yamewekwa vizuri kwenye beseni safi, na mnyororo umeishia hatua moja kabla.

Felista alikuja ofisini nikiwa tayari nina mvi. Ninyi mnamwita Mama Neema. Mwembamba, sauti ya chini, mtoto wa wakulima wa Mbulu kama mimi, kwa hiyo sikuweza hata kusingizia kwamba watu wanampendea ugeni. Siku ya kwanza nilimwonyesha kitanzi kwa madaha. Akakishika, akakipima uzito, akanirudishia. "Ahsante, Baba Regina. Naomba nijaribu bila hiki kwanza."

Nilimruhusu kwa furaha. Nilitaka aumwe kidogo, siyo sana, kiasi cha kujifunza. Hakuumwa. Wiki mbili kabla ya kituo cha chanjo alikwenda kuomba tangazo litolewe kanisani, kwa Wakatoliki na kwa Walutheri: mwenye mbwa aanze leo kumzoesha kamba, kila jioni kidogo, na ampe chakula akiwa amefungwa. Hilo tu. Siku ya chanjo mbwa wakaja wanatembea. Felista alichuchumaa ubavuni, siyo mbele, akauliza jina la mbwa, akaongea naye kwa jina lake huku sindano ikiingia. Kisha akaandika lile jina kwenye kadi. Mimi miaka yote niliandika "dume, kahawia", na nusu ya mbwa wa Babati ni dume wa kahawia.

Watu wakaanza kupanga mistari miwili, mmoja mrefu kwake, mwingine mfupi kwangu. Waliokuja kwangu walikuwa wenye haraka na wenye mbwa wabaya. Niliwahi kumsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Subiri kwa Mama Neema, huyu mzee anawanyonga." Niliendelea kuchanja kama sikusikia. Kwenye bajaji kuna maandishi wanapenda kubandika, mwenye wivu ajinyonge. Nilikuwa nayasoma barabara nzima, na niliona yameandikwa kwa ajili yangu.

Kisa kilichonimaliza kilitokea kwa Baba Yohana, fundi seremala wa Bagara. Tulipigiwa simu kwamba mbwa wake ana kichaa, anatoa povu na kutetemeka, na vijana wamekwisha shika marungu. Tulifika wote wawili. Mimi nikasimama hatua kumi, nikaona povu, nikaona miguu inavyocheza, nikatangaza mbele ya umati, "Ni kichaa. Mtu asisogee." Felista naye hakusogea ovyo. Alizunguka upande wa upepo, akasimama nyuma ya meza ya kurandia mbao, akanusa.

"Baba Yohana," akasema, "mbwa ameogeshwa lini?"

"Asubuhi hii. Kupe walimzidi."

"Kwa dawa gani?"

Baba Yohana akaleta chupa. Ilikuwa dawa ya josho, ya ng'ombe, na alikuwa amempaka mbwa bila kuichanganya na maji, kwa upendo kabisa. Tulivaa glavu, tukamfunga mdomo, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, tukamchoma atropini, dawa ya kuzima sumu ile, iliyokuwa kwenye mkoba wangu. Mkoba ulikuwa wangu, lakini hilo hakuna aliyelikumbuka. Jioni mbwa alisimama akala. Baba Yohana alimpigia magoti Felista, na mimi akanishika mkono kama anavyoshikwa mkono dereva wa daktari. Nililia wivu siku ile, siwafichi. Siyo kwa machozi, lakini nililia. Miaka yote ile kazini, na dawa ya josho nilikuwa nimeinusa maelfu ya mara, pua yangu ilikuwa wapi?

Nyumbani nako sikupata pa kupumzika. Felista alikuwa akipita kuniletea mafaili, na mbwa wangu Tomi, ambaye mimi nikirudi alikuwa anainua jicho moja tu, alimkimbilia getini akijinyonganyonga mwili mzima. Mama Regina, mke wangu, akacheka. "Huyu mbwa anamjua mwenye kazi." Nilimwambia Tomi ni mbwa tu hana akili. Baadaye nilimpelekea ugali na dagaa, akala, akaondoka kulala mlangoni.

Sasa nafika kwenye kosa. Friji ya ofisi ilikufa siku mbili kabla ya kituo cha Nangara, na Felista alikuwa anaondoka kwenda msibani Mbulu. Kabla hajapanda basi alinipigia simu. "Shikamoo, Baba Regina. Chanjo nimeiombea nafasi. Nimeongea na nesi wa zahanati, ametupa sehemu kwenye friji yao. Ukifika mwambie tu umetoka kwangu."

Mwambie umetoka kwangu. Mngekuwa ninyi mngesema ahsante. Mimi nilisikia kwamba katika mji ambao nimeuchanja tangu huyu binti hajazaliwa, sasa natakiwa nijitambulishe kwa jina lake ili nipate sehemu ya friji. Nikamjibu kwamba nina mahali pangu.

Mahali pangu palikuwa friza la mfanyabiashara wa samaki sokoni, mtu niliyemtibia mbuzi zamani. Lilikuwa friza la kugandisha perege na kambale wa ziwani. Nilijua ni friza. Nilijiambia nitaweka juu kabisa, nitafunga kwa magazeti, nitamwomba apunguze ubaridi. Asubuhi nilikuta chupa ngumu kama mawe, na harufu ya samaki juu yake.

Nangara watu walikuwa wamekwisha panga mstari. Ningeweza kusema chanjo imeharibika, tutarudi wiki ijayo. Wangeuliza, "Na Mama Neema yuko wapi?" Nilizipasha chupa zile moto kwa viganja, nikazitandaza juani kwenye kiti cha bajaji. Zilipoyeyuka niliona dawa haikuwa laini tena. Ilikuwa na chembechembe, kama maziwa yaliyokatika. Nilizitikisa. Nikachanja mstari mzima, na kwa mara ya kwanza maishani niliuliza majina ya mbwa nikayaandika kwenye kadi. Watu walifurahi sana. Mama mmoja mjane, Mama Paskali, mkulima wa maharage, alicheka mbwa wake Jeki alipotulia. "Leo Bwana Mifugo umekuwa mpole." Nilirudi nyumbani nikiwa na raha ya ajabu, na Felista aliporudi na kuuliza kazi imekwendaje, nikasema vizuri sana.

Maharage yalikuwa yanavunwa mwenyekiti wa mtaa aliponipigia simu. Jeki wa Mama Paskali hali, hanywi, na amebadilika sauti. Nilikwenda peke yangu. Mbwa alikuwa amefungiwa bandani, taya limening'inia, mate yanashuka, na alipobweka sauti ilikwaruza kama bawaba yenye kutu. Safari hii nilinusa. Hakunuka josho.

"Nadhani kuna mfupa umemkwama kooni," Mama Paskali akaniambia. "Jana nilimpanua mdomo nikaingiza mkono kuutafuta, sikuuona." Akanionyesha mkono. Kwenye kidole gumba kulikuwa na mchubuko mdogo aliokuwa ameupaka majivu. "Hajaniuma. Ni jino tu limenikwaruza."

Sikilizeni vijana, hapa ndipo watu wetu wanapofia. Mbwa mwenye kichaa taya likilegea anafanana kabisa na aliyekwamwa na mfupa, na mwenye huruma ndiye anayeingiza mkono. Mkwaruzo wenye mate ni sawa na kuumwa. Nilimwambia aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, halafu aende hospitali leo hii akachomwe sindano.

Akaosha, kwa heshima tu. Kisha akaingia ndani akatoka na kadi. "Bwana Mifugo, hii hapa. Jeki, amechanjwa, sahihi yako. Si mlitufundisha mwenye kadi hana kichaa? Sindano za nini, na maharage yako shambani?"

"Ni tahadhari tu, Mama Paskali."

"Nikimaliza kuvuna nitakwenda."

Yule mama alikuwa anakwenda kufa kwa kuniamini mimi. Na mnajua nilifanya nini? Nilipanda bodaboda nikarudi ofisini nikamwambia Felista, "Nenda wewe Nangara ukamshawishi Mama Paskali aende hospitali. Wewe wanakusikiliza." Maneno hayo mawili ya mwisho niliyameza miaka mingi, na siku ile yalitoka kwa sababu ya woga.

Felista akaweka kalamu chini. "Jeki ana kadi, Baba Regina. Unaogopa nini?"

Nikaanza kupanga mafaili yaliyokuwa yamekwisha pangwa.

"Chanjo ililala wapi?"

Aliuliza taratibu, kama Mzee Tluway, ingawa hakuwahi kumwona. Mimi ndiye niliyemfundisha swali lile wiki yake ya kwanza. Nilimwambia yote: friza, samaki, chembechembe. Sikumwambia sababu, lakini nadhani aliijua tangu siku ya simu. Nilitegemea anikaripie, na nilitamani hivyo, nipate angalau kumchukia kwa haki. Alisimama akachukua funguo za pikipiki.

"Twende. Ila utasema wewe."

"Atakubali haraka ukisema wewe."

"Nikisema mimi, sindano ya kwanza ataifuata kwa ajili yangu. Sindano ni zaidi ya moja. Zile nyingine atazifuata kama anajua ukweli."

Mficha uchi hazai. Nilimkuta Mama Paskali anapiga maharage kwa fimbo, na nikamwambia palepale, jasho linanitoka. "Mama, ile kadi haina kitu. Chanjo niliyomchoma Jeki ilikuwa imeganda, imekufa. Nilijua, na nikachoma. Jeki ana kichaa, na mkono wako uliingia mdomoni mwake."

Aliacha kupiga. Akamtazama Felista kama anayeomba akanushe, na Felista hakukanusha. "Nina watoto watatu, Bwana Mifugo," akasema. Aliingia ndani akajitanda kanga safi, na alipotoka alinikabidhi ile kadi mkononi. Nilimpeleka mwenyewe hospitali kwa bajaji.

Jeki alikufa siku ya tatu. Mama Paskali alichomwa sindano ya kwanza mchana ule, na nyingine zote kwa tarehe alizopangiwa, na kila tarehe nilikuwa mlangoni kwake asubuhi na bajaji. Miezi ile niliihesabu kama mfungwa, nikimkagua kila alipoomba maji, kama atayanywa, maana mgonjwa wa kichaa huyaogopa maji. Alikunywa. Yuko hai hadi leo, na maharage yake ni mazuri.

Barua niliyoandikiwa na wakubwa niliistahili. Iliyouma zaidi ni kazi ya kurudia Nangara nyumba kwa nyumba, na chanjo iliyolala zahanati, nikisema kila mlango, "Nilikosea, nimekuja kuchanja upya." Felista alibeba kasha la barafu nyuma yangu na hakunisemea hata mara moja. Mbwa wote walipatikana, isipokuwa wawili waliokuwa wamehama na wenye nao, tukawafuata Dareda. Na kila nyumba, baada ya mimi kujivua nguo namna ile, mwenye nyumba alimgeukia yeye. "Ahsante sana, Mama Neema, kwa kutujali."

Mngedhani wivu ulikufa siku hizo. Haukufa. Uliongezeka, maana zamani nilimwonea wivu wa mbwa, na sasa nikamwonea wivu wa moyo. Kitu kimoja tu kilibadilika: tangu siku ile sikuwahi tena kuuruhusu wivu wangu uendeshe kasha la chanjo. Niliuacha ukae, ukinung'unika, na mimi nikawa nakwenda kuomba friji kwa yeyote aliye nayo, na nikasema nimetoka kwa Mama Neema.

Mwezi uliopita kulikuwa na kituo cha chanjo Bagara, cha kwanza tangu nistaafu. Nilimpeleka Tomi kwa kamba, mimi mwananchi wa kawaida, nikapanga mstari. Nyuma yangu alisimama Mama Paskali na mbwa mpya, jike mdogo mweupe. Alinisalimia. Mbele niliona turubai limefungwa juu ya meza ili dawa isipigwe na jua, na mti mmoja wa kushikilia turubai ulikuwa kitanzi cha Mzee Tluway nilichomkabidhi Felista siku ya kuaga. Niliumia kidogo, halafu nikaona kimesimama vizuri.

Zamu yangu ilipofika, shetani wa zamani alinipanda. Nilitaka nimkamate hata mara moja, mbele za watu. Nikauliza kwa sauti kubwa, "Mama Neema, chanjo imelala wapi?"

Felista akafungua kasha, akanionyesha kipimajoto, akanionyesha daftari la friji lenye sahihi ya jioni na ya asubuhi. Kisha akawageukia watu. "Mmesikia swali hilo? Hilo ni la Baba Regina, mimi alinifundisha yeye. Kila mmoja wenu aniulize kabla hajanipa mbwa wake."

Mama Paskali akawa wa kwanza kuuliza, kwa sauti ya juu kuliko yangu, na baada yake wengine wote, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa mstari. Mimi nilisimama pembeni na kadi yangu mkononi. Hata kwa kunisifu, Felista ananizidi.

Nikavuta kamba tuondoke. Tomi alikuwa ameweka kichwa juu ya goti la Felista, na akagoma kuondoka.